Kiungani, Mbweni na Masasi: Kumbukumbu za Mtaa wa Kikristo na Lugha Zilimoandikwa

Mwaka 1887 kilipigwa chapa London kitabu kiitwacho Kiungani, kilichotengenezwa na Arthur Cornwallis Madan wa misheni ya UMCA huko Unguja. Ndani yake zimo habari za maisha ya wavulana wa shule ya misheni ile: jinsi walivyotolewa makwao bara, mikono waliyopitia hata kufika pwani, vyombo walivyopakiwa, na jinsi walivyopata kuwa huru. Wavulana wale walizitoa habari zao kwa Kiswahili. Madan akazifasiri, na kilichopigwa chapa ni Kiingereza peke yake.

Makala haya yahusu jambo hilo moja na mengine yanayofuatana nalo. Husemwa mara kwa mara kwamba kumbukumbu za jamii ya dini hupotea kwa mchwa, kwa moto, kwa paa linalovuja na kwa kasisi mpya asiyejua thamani ya makaratasi ya mwenzake aliyemtangulia. Yote hayo ni kweli. Lakini iko njia nyingine ya kupotea, nayo haina kelele: habari inahifadhiwa vizuri, inajaladiwa, inawekwa maktaba, ilhali maneno yenyewe ya msemaji yameachwa nje. Kwa mwanahistoria hasara hiyo yaweza kuonekana ndogo, maana matukio yamebaki. Kwa mtu wa lugha si ndogo hata kidogo, nami nitajaribu kuonyesha kwamba hata mwanahistoria amepotewa na zaidi ya adhaniavyo.

Yatupasa kwanza kukumbuka jamii yenyewe ilivyoanza. Askofu Tozer na Dr. Edward Steere walifika Unguja mwaka 1864, baada ya misheni yao kushindwa katika nchi ya mto Shire. Mwaka huo huo Sultani Majid alimpa Askofu wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipata ushemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja hiyo. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871, na baadaye wakakalishwa humo watu waliokombolewa, waume kwa wake, wakapewa nyumba na mahali pa kulima. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko. Mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, alitoka na kundi la watu wa Mbweni kuwarudisha kwao karibu na Ziwa Nyasa. Hawakufika Nyasa. Walisimama Masasi, wakajenga.

Watu hawa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabisa na wengine. Hapakuwa na kabila wala ukoo uliowaunganisha, na mila za makwao zilitofautiana. Kilichowaunganisha ni mambo mawili: dini waliyoingizwa wakiwa wageni, na Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya pili au ya tatu, waliyojifunza njiani, chomboni na mjini. Steere alikuwa ameamua tangu mapema kwamba ibada na mafundisho yawe kwa Kiswahili, na mtambo wa kupiga chapa wa misheni ulifanya kazi kwa mikono ya wavulana wenyewe. Basi jamii hii ilikuwa miongoni mwa jamii za kwanza za Waafrika kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi katika shughuli za kila siku. Ilikiandika katika barua, katika orodha, katika kitabu cha habari za siku, na katika daftari la kanisa.

Daftari la ubatizo ni kitabu kikavu kwa msomaji asiyekizoea. Kuna tarehe, jina, wazazi, wasimamizi, na jina la kasisi. Walakini katika mtaa wa watu waliokombolewa safu hizo zasema mengi kuliko zilivyokusudiwa. Safu ya wazazi ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa kijijini, na baba yake yuko pale pale kanisani. Mtoto aliyeshushwa jahazini hakuwa na mzazi wa kuandikwa, au alikuwa naye lakini yuko mbali na hajulikani kama yu hai. Kizazi kimoja baadaye safu ile ile hujaa, maana watoto wa Mbweni walizaliwa na watu waliooana Mbweni. Mwenye kufungua daftari la namna hii huona jamii ikijitengenezea wazazi mstari baada ya mstari.

Na majina! Mtu mmoja aweza kuwa na matatu: alilopewa kwao, alilopewa na mwenyewe aliyemnunua au na watu wa pwani, na la ubatizo. La kwanza mara nyingi limekwisha. La pili limebaki kwa namna ya ajabu. Kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA, aliyepata ushemasi mwaka 1886 na ukasisi mwaka 1890, aliitwa Cecil Majaliwa. Cecil ni jina la Kiingereza, na Majaliwa latokana na kujaliwa, yaani jambo ambalo Mungu amempa mtu. Ni jina la kipwani kabisa, ambalo Mwislamu na Mkristo hulitumia sawasawa. Alikuwa Myao. Alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury katika chuo cha Mtakatifu Augustino, kisha akafanya kazi Chitangali kwa mtawala Nakaam, bara ya Lindi. Katika maneno mawili ya jina lake kuna Uingereza na Unguja, lakini nchi ya Wayao haimo. Mwenye kuandika historia ya mitaa hii kwa vitabu vya Kiingereza tu atamwona Majaliwa ni jina kama jina lingine, akapita.

Zaidi ya madaftari, kulikuwako Msimulizi. Hilo lilikuwa gazeti dogo la Kiswahili, lililoanza mwaka 1888 na kupigwa chapa Kiungani. Walimu na wasomaji waliopelekwa mitaa ya mbali walileta habari zao: nani amebatizwa, nani amefariki, safari ilikuwaje, njia ina hofu gani. Jina lenyewe lastahili kuangaliwa. Gazeti halikuitwa mwandishi wala mjumbe; liliitwa kwa kazi ya mtu aketiye na kusimulia. Waliolianzisha walijua kwamba walikuwa wakihamisha mazungumzo ya barazani na kuyaweka katika karatasi, na lugha ya barua zile hudhihirisha hivyo. Sentensi hufuatana kwa "na" na "kisha" kama mtu asemaye kwa sauti, na salamu hutangulia habari. Andreana Prichard, katika kitabu chake cha mwaka 2017 juu ya wanawake wa misheni hii, ameonyesha jinsi maandishi ya namna hii yalivyowafanya watu waliotawanyika kati ya Unguja, Magila na Masasi wajione kuwa ndugu.

Sasa turudi kwa Madan. Si haki kumlaumu bila kupima. Alikusudia kitabu chake kwa Waingereza waliotoa fedha kwa misheni, na hao hawakusoma Kiswahili. Tena kila hadithi aliiita kwa kabila la mvulana. Pengine hiyo ni huruma, kwa sababu mtoto aliyesimulia kuuzwa kwake angeishi miaka mingi baadaye katika mji ambamo asili ya utumwa ilikuwa aibu. Lakini kielelezo cha kufanya vinginevyo kilikuwako, tena nyumbani mwake. Mwaka 1870 Steere alikuwa ametoa hadithi za watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja wa kitabu na Kiingereza upande wa pili. Kwa nini hadithi za majini na wafalme zilistahili kuwekwa kwa maneno yake, na habari za kweli za watoto zisistahili? Nadhani jibu ni kwamba Kiswahili cha waungwana wa mjini kilihesabiwa kuwa lugha, na Kiswahili cha mtoto wa Kiyao kilihesabiwa kuwa chombo tu cha kuletea habari. Chombo kikishapakuliwa, hakuna haja nacho.

Hasara yake yaonekana vema katika neno moja. Kiingereza kina neno moja la kawaida kwa mtu asiye huru, nalo limejaa katika tafsiri ya Madan na katika vitabu vyote vilivyoitumia. Kiswahili cha Unguja cha zama zile kilikuwa na maneno mengi, na kila moja lilimweka mtu mahali pake. Mtumwa ni jina la jumla. Mateka ni aliyetekwa vitani. Mjinga, kabla neno hilo halijabaki na maana ya mtu asiyejua, lilikuwa pia jina la aliyeletwa karibuni kutoka bara na hajazoea mambo ya pwani. Mzalia ni aliyezaliwa papo hapo, na cheo chake kilikuwa juu ya mjinga kwa mbali. Mtwana na mjakazi hutenga mume na mke. Kibarua alikuwa hasa yule aliyepelekwa kufanya kazi ya siku kwa watu, akirudi na sehemu ya ujira kwa bwana wake. Aliyetoka katika hali hiyo aliitwa huru, na wengi wao mahuru.

Basi mvulana aliposema habari zake, alijiita nani? Akisema "nilikuwa mateka", amesema kwamba kwao kulikuwa na vita na yeye ni mtu wa watu walioshindwa. Akisema "nilikuwa mtumwa", amekubali jina ambalo pwani ilimpa. Akisema "nilikuwa mjinga", amejitazama kwa macho ya watu wa mjini na pengine amejicheka. Kadhalika kuhusu namna alivyotoka kwao: kuibiwa, kukamatwa, kuuzwa na mjomba, kuwekwa rehani kwa deni, kutolewa kwa fidia ya damu. Mambo haya ni ya sheria na ya ukoo kabla ya kuwa ya biashara. Tafsiri nzuri yaweza kuchukua baadhi yake, nayo ya Madan si mbaya. Lakini mwanahistoria anayetaka kujua watoto hawa walifahamu vipi yaliyowapata, anasoma fahamu ya Madan akidhani ni yao.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasomaji wa jarida hili. Madan huyo huyo ndiye aliyetoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Juu ya kazi hiyo Frederick Johnson na Kamati ya Lugha, iliyoanzishwa mwaka 1930, walijenga kamusi zilizotoka mwaka 1939. Kamati ile ndiyo mzazi wa taasisi za uchunguzi wa Kiswahili tulizo nazo. Kiunguja kilikuwa kimechaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hoja kubwa iliyokisaidia ni wingi wa vitabu vilivyokwisha kupigwa chapa katika lahaja hiyo, vingi vyake vya UMCA. Kwa hiyo wavulana wa Kiungani walikuwa karibu mno na chimbuko la lugha hii tuiandikayo. Kiswahili chao ni ushahidi wa mapema wa kile ambacho leo husemwa na mamilioni: Kiswahili cha mtu ambaye hakunyonya nacho, anayekitumia kwa sababu jirani yake ametoka mahali pengine. Kila ukurasa wa mkono wao utakaopatikana, barua au orodha au daftari la shule, ni wa thamani kuliko tafsiri nzima.

Kuna kinyume kimoja ambacho hakikosi kuchekesha. Mtambo wa misheni hiyo hiyo huko Magila ndio uliopiga chapa Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, sehemu ya kwanza mwaka 1895. Mwandishi alikuwa Mwislamu, na habari zake ni za watawala wa Usambaa. Maneno yake yalihifadhiwa yalivyo, yakatolewa tena Nairobi mwaka 1962 kwa uangalizi wa J. W. T. Allen, na mpaka leo mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuchunguza kila kitenzi chake. Hivyo kanisa lilimhifadhia Mwislamu lugha yake vizuri kuliko lilivyowahifadhia watoto wake wenyewe.

Jamii ndugu ya Freretown, karibu na Mombasa, ilipata bahati ya namna nyingine. Mahali pale palianzishwa na CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa, na habari zake zilipata mwandishi aliyezaliwa humo humo, James Mbotela, aliyezisikia kwa baba yake na kwa wazee. Uhuru wa Watumwa kilitoka mwaka 1934 kwa Kiswahili, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1956. Hapo mpango ndio uliopasa: asili kwanza, tafsiri nyuma. Wapo waliokilaumu kitabu hiki kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwatwika Waarabu lawama yote, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini maadamu maneno yapo, twaweza kuyapima na kuyajibu, jambo ambalo hatuwezi kuwafanyia wavulana wa Kiungani. Hata hivyo tusisahau kwamba vitabu vya shule vya miaka ile vilisahihishwa lugha ili vifuate sanifu. Kitabu kilichopigwa chapa hakiwezi kushika mahali pa karatasi ya mkono.

Na karatasi ziko wapi? UMCA iliungana na shirika la SPG mwaka 1965 na kuwa USPG, na makaratasi yake ya Uingereza yaliwekwa Oxford, ambako sasa yamo katika maktaba ya Bodleian. Mengine yamo katika Nyaraka za Zanzibar. Yaliyobaki ni yale ambayo hayakupelekwa mahali popote: madaftari yaliyomo makanisani, katika sakristia na katika makabati ya ofisi za dayosisi. Mpango huu wenyewe umechagua nini kisomwe. Barua za wamisionari kwa Kiingereza zimeorodheshwa, na mtafiti hufika akazisoma mezani. Maandishi ya walimu wa mitaani kwa Kiswahili yanahitaji safari, ruhusa, na mtu mwenye ufunguo.

Watu wa Lamu wametangulia katika kazi ya namna hii. Maandishi ya Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Salih na wafuasi wake, yalipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, chini ya uongozi wa Anne Bang. Sharti la mpango ule ni kwamba asili haitoki nchini. Nakala ndiyo isafirio. Msikiti umebaki na vitabu vyake, na msomaji wa mbali amepata picha zake. Sioni sababu ya mitaa ya Kikristo kushindwa kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa daftari la ubatizo ni jepesi kupigwa picha kuliko kitabu cha fikihi chenye maelezo pembeni.

Iko shida moja isiyokuwako Lamu kwa kiasi kile kile. Daftari la Mbweni au la Masasi hutaja asili. Mjukuu wa mtu aliyekombolewa huenda amelelewa akiambiwa kwamba babu alitoka bara kwa biashara, na wazee waliosema hivyo walikuwa na sababu yao. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na habari za maisha yake zikatolewa na Margery Perham mwaka 1936, alitoka katika mtaa huo, wala hakuwa mtu wa kukombolewa. Wote walikaa pamoja, wakasoma pamoja. Mwenye kutoa majina hadharani leo huwatenga tena watu ambao walikwisha kuchanganyika kwa hiari yao. Kwa hiyo nakala kamili iwekwe, lakini majina ya watu wa kawaida yasipigwe chapa pasipo jamaa zao kuulizwa. Hapa Madan alikuwa na busara. Kosa ni kwamba pamoja na jina aliondoa na sauti.

Katika kunakili, mambo machache yafuatwe bila kulegea. Tahajia ibaki ilivyo, hata mwandishi akiandika neno moja kwa njia mbili katika ukurasa mmoja, kwa sababu tofauti hiyo huenda ndiyo inayotuonyesha matamshi ya Kiyao au Kimakua. Mistari iliyofutwa ionyeshwe. Safu iliyoachwa tupu ionyeshwe kuwa tupu. Tafsiri, kama ni lazima, ifuate baada ya miaka, tena kwa mkono wa mtu mwingine.

Kwa maoni yangu kazi ianze Masasi. Mtaa ule ulishambuliwa na Wagwangwara mwaka 1882, na watu wake wakatawanyika, wengine wakahamia Newala. Ukachomwa tena mwaka 1905 wakati wa Maji Maji. Kilichookoka humo kimeokoka mara mbili. Tena Masasi, iliyofanywa dayosisi mwaka 1926, ina familia ambazo hujua kutaja kwa mfululizo walimu na makasisi wa mitaa yao tangu mwanzo, na orodha hizo za mdomoni zaweza kulinganishwa na vitabu. Mtafiti apeleke chombo cha kunasa sauti pamoja na chombo cha kupigia picha, akae na mzee huku daftari limefunguliwa mbele yao, amsomee majina moja moja, na aandike asemayo mzee kwa Kiswahili cha mzee.